Rotifa wa Elerai

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Arusha hupungua watu. Maduka ya Kwa Mrombo hufungwa moja baada ya jingine, magari hupakiwa mchele, mafuta ya kula, sukari na watoto, na Wachaga hurudi mlimani. Elieza naye hufunga duka lake la vifaa vya ujenzi, akampakia binti yao Anna, wakapanda Machame. Mke wake, Aikande, hubaki nyumbani Elerai.

Sababu ilijulikana na ukoo mzima, ingawa wengi hawakuielewa. Aikande alikuwa anafuga rotifa.

Aliwafuga kwenye chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo. Upande mmoja zilipangwa ndoo kubwa za maji ya chumvi, kila moja na mrija wa hewa unaobubujika mchana na usiku. Upande wa pili, chini ya taa nyeupe, ilisimama mitungi ya mwani mdogo wa kijani, rangi ya supu ya majani. Mwani ulikuwa chakula cha rotifa, na rotifa walikuwa chakula cha samaki. Samaki wenyewe hawakuwepo Arusha. Walikuwa pwani, kusini ya Tanga, kwenye kituo kilichokuwa kikitotolesha samaki aina ya mwatiko kwa ajili ya wafugaji wa mabwawa ya bahari.

Rotifa ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Ukiinua glasi yenye rotifa mbele ya dirisha, unaona vumbi ambalo halitulii. Lakini kifaranga wa samaki wa bahari, anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza, mdomo huo ni mdogo mno kwa unga wa dukani, na yeye mwenyewe hana haja na kitu kisichojongea. Asipopata kiumbe hai cha kumeza ndani ya muda mfupi, anakufa, hata kama maji ni safi na kila kitu kingine kiko sawa.

Aikande alifanya kazi kwenye kituo hicho kwa miaka mingi, akimwona mume wake mara chache kwa mwaka. Mama yake alipofariki aliacha kazi akahamia Arusha. Meneja wake, Ludovick, hakutaka kumpoteza. Alimpa ndoo moja ya mbegu ya rotifa aende nayo, iwe akiba. Pwani, alisema, mgeni yeyote wa baharini anaweza kuingia kwenye tanki, kwa upepo, kwa ndoo, kwa mkono wa mtu. Arusha hakuna bahari ya kuleta mgeni. Aikande alikubali. Alikinga maji ya mvua, kwa sababu maji ya bomba ya Arusha yana yale madini yanayotia meno rangi na hakuyaamini, akayatia chumvi ya bahari mpaka kipimo kikasoma sawa, na kazi ikaanza.

Ni kazi isiyosimama. Kila siku unavuna sehemu ya ndoo na kuongeza maji mapya na mwani mpya, ili waliobaki wapate nafasi ya kuzaana. Usipovuna wanajazana, wanachafua maji, wanakufa wote kwa pamoja. Ukivuna kupita kiasi wanazidiwa na kupungua. Zipo mbegu za rotifa zinazotaga mayai magumu ambayo unaweza kuyakausha ukayaweka kwenye friji. Mbegu ya Aikande ilikuwa imefugwa mfululizo kwa muda mrefu mno, ikapoteza tabia hiyo. Ikifa, imekufa.

Kwa hiyo Krismasi ya kwanza alibaki, na ya pili, na iliyofuata. Jirani yake Simaloi, mwalimu wa biolojia wa sekondari ambaye kwao ni Kisongo na hakuhitaji kusafiri mbali, alijitolea zaidi ya mara moja.

"Nifundishe tu, dada," alisema. "Mimi sikukuu nipo. Nakwenda kwetu asubuhi nakula nyama, jioni nimerudi."

"Mwaka ujao," alijibu Aikande kila mara.

Elieza alifahamu kwamba mke wake hajalala Machame tangu mazishi ya mama yake. Hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa mtu wa kuacha mambo yakae mpaka yenyewe yaombe kuondolewa.

Mwezi Novemba baba yake Aikande, Mzee Sifaeli, alipiga simu. Hakuwa mtu wa simu ndefu.

"Naoa," alisema.

Aikande alikuwa amesimama uani na ndoo mkononi. Aliiweka chini.

"Unaoa nani, baba?"

"Sista Violet."

Machame nzima ilimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi wa zahanati mpaka alipostaafu. Alikuwa mjane. Aikande alimfahamu vizuri kuliko alivyotaka, kwani yeye ndiye aliyekuja nyumbani kila siku, katika miezi ya mwisho ya mama yake, kumgeuza na kumsafisha vidonda.

"Ni Jumamosi baada ya Krismasi," aliendelea mzee. "Kanisani kwetu. Nataka uwepo."

"Baba, unajua hawa wadudu wangu..."

"Ndiyo maana nimekuambia mapema, uwapange."

Hakuwapanga. Novemba iliisha, Desemba ikapita katikati, Elieza akaanza kupakia gari. Safari hii, kabla ya kuondoka, aliuliza kama atakuja japo Jumamosi hiyo moja. Aikande alisema ataona. Anna alimbusu mama yake shavuni, akapanda gari.

Kesho yake asubuhi simu ya Ludovick iliingia wakati Aikande anachuja mwani. Sauti ya meneja ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza akiwa wodini.

"Tumepoteza rotifa wote," alisema. "Siliata wameingia. Jana asubuhi niliona wachache kwenye hadubini, jioni maji yamejaa wao tu. Nimemwaga matanki yote."

Siliata ni viumbe wengine wadogo wa majini, wepesi kuliko rotifa. Wanakula chakula kile kile, na wakishika ndoo, rotifa hawawezi kushindana nao.

"Na mayai ya mwatiko?" aliuliza Aikande.

"Yameshaanguliwa. Hilo ndilo tatizo. Kesho wanafungua midomo. Kuna ndege ndogo ya mchana kutoka Arusha, inapita Zanzibar, inafika huku jioni. Nimeshaongea nao."

"Unataka kiasi gani?"

"Ulicho nacho."

"Ludovick."

"Acha mbegu. Ya kuanzia tu. Mengine yote nitumie, tafadhali. Wale samaki wazazi tumewalisha miaka mitano ndipo wamekubali kutaga."

Aikande aliangalia saa, akaangalia ndoo. Kuvuna ndoo zote kunahitaji mikono minne. Mmoja amwage kwa mpira, mwingine ashike chujio. Alimpigia Simaloi, simu ikaita bila kupokelewa. Alikuwa shuleni kwenye kikao cha walimu. Elieza alikuwa Machame. Aikande alianza peke yake, na ndoo ya kwanza ilikuwa haijafika nusu aliposikia geti linagongwa.

Alikuwa Sista Violet. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na viatu vya raba, na mkononi alibeba mfuko wa fundi cherehani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa chini.

"Shikamoo," alisema Aikande, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

"Marahaba, Mama Anna. Samahani kuja bila taarifa. Nilikuja mjini kuchukua gauni, nikasema nisipite bila kukuona. Ningepiga simu, ungeniambia una kazi."

"Nina kazi kweli."

"Naona." Mikono ya Aikande ilikuwa inachuruzika maji ya kijani. "Nikusaidie nini?"

Katika siku nyingine yoyote Aikande angemkaribisha sebuleni, akampa soda, akamwangalia akiinywa, na mambo yangeishia hapo. Lakini ndege haikuwa inamngoja mtu. Alisogea pembeni ya geti.

"Njoo huku uani," alisema.

Violet aliingia chumbani, akaangalia ndoo, mitungi, mirija. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, alitoa kichupa cha dawa ya kusafishia mikono kwenye pochi.

"Hapana, hapana, Sista!" Aikande alimshika kiganja. "Hiyo itawaua. Osha kwa maji haya ya chumvi tu, mpaka kwenye kiwiko."

Violet aliiweka dawa mbali, akaosha. Aikande alimpa chujio, duara la plastiki lenye kitambaa chembamba chini, na kumwonyesha namna ya kulishika ndani ya beseni.

"Chujio lisitoke majini. Maji yanapita, wao wanabaki juu ya kitambaa. Likitoka nje wanabanana wenyewe kwa wenyewe, wanapondeka. Na litikise polepole, hivi."

"Kama unapepeta."

"Taratibu kuliko kupepeta."

Walianza. Aikande alishusha maji kwa mpira, Violet alitikisa chujio, na juu ya kitambaa pakaanza kukusanyika kitu kama uji mwepesi wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Ndoo ya kwanza ikaisha, wakaingia ya pili. Kwa muda walisikia pampu ya hewa tu.

"Wote hawa ni majike," alisema Aikande, kwa kuwa kimya kilikuwa kinamsumbua. "Kila mmoja anabeba mayai yake mwenyewe. Madume hawapo."

"Hawahitaji?"

"Hawahitaji."

Violet alicheka kidogo. Aikande hakucheka. Alibana mpira, akahamia ndoo ya tatu, na alipouachia maji yakaanza kushuka, aliuliza alilokuwa amelishika tangu Novemba.

"Mlianza lini, wewe na baba?"

Violet hakuweza kuweka chujio chini. Aliendelea kulitikisa.

"Unauliza kama ilikuwa mama yako yupo hai."

"Ndiyo, nauliza hivyo."

"Haikuwa. Nilikuwa nakuja, namgeuza, namsafisha, baba yako ananishikia beseni. Mara nyingine alikuwa anageuka ukutani kwa sababu hawezi kuvumilia kuona. Nikimaliza naondoka. Hakuna kingine." Alisubiri maji yapungue. "Miaka miwili baada ya mazishi alikuja zahanati kupima presha. Nikampima. Akakaa kwenye benchi mpaka tunafunga."

"Presha ilikuwa juu?"

"Ilikuwa juu kweli. Ila wiki iliyofuata alikuja tena, na ilikuwa haijapanda wala haijashuka, akakaa vilevile."

Aikande alijaribu kumwona baba yake kwenye benchi la zahanati, na hakushindwa. Aliweza hata kuona jinsi alivyoweka kofia yake gotini. Hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kama asingeweza.

"Mimi sikuja hapa kukubembeleza uje harusini," alisema Violet. "Hilo ni lako na baba yako. Nilikuja kwa sababu mama yako alinituma kitu, na sijakifanya."

Maji yaliendelea kushuka.

"Alikutuma nini?"

"Alitaka kujua hawa wadudu wanafananaje. Ulikuwa unamweleza kwenye simu, akawa hawaoni akilini. Aliniuliza mimi, kwa vile ni nesi, alidhani nawajua. Nikamwambia siwajui, nitauliza. Sikuuliza mtu. Halafu akafariki."

Aikande alibana mpira. Ndoo ilikuwa bado haijaisha. Alikaa juu ya kiti kifupi cha plastiki, mgongo wake kwa Violet, akaangalia mitungi ya mwani kwa muda. Alikuwa hajui kwamba mama yake alisikiliza. Siku zile alipiga simu kutoka pwani akiwa amechoka, akazungumza habari za matanki kwa sababu habari za ugonjwa zilikuwa zimewashinda wote wawili, na kila mara mama yake alisema haya, sawa, Mungu akubariki.

Alisimama. Alichukua tone moja kutoka kwenye chujio, akaliweka kwenye kioo, akakisogeza chini ya hadubini iliyokuwa kwenye meza ya pembeni.

"Angalia," alisema. "Mimi nitashika chujio."

Violet alivua miwani, akainama. Ilimchukua muda kupata.

"Ana kikombe," alisema. "Kama kikombe cha kioo, na mkia. Kichwani kuna... ni nywele zile?"

"Ndizo zinazozunguka. Zinamvutia chakula mdomoni."

"Na huyu amebeba kitu nyuma."

"Mayai."

Violet aliendelea kuangalia. Hakusema lolote kuhusu marehemu, na Aikande alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kisha alirudi, akapokea chujio, na wakamaliza ndoo zilizobaki bila maneno mengi. Zote pamoja zilikuwa nane. Katika moja, ya mwisho kabisa karibu na mlango, Aikande aliacha maji kama robo, na rotifa ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu.

Walipakia kwenye mifuko minene ya plastiki, maji kidogo chini na juu yake hewa ya oksijeni kutoka kwenye mtungi mdogo aliouazima kwa fundi wa kuchomelea. Violet alifunga midomo ya mifuko kwa raba, akikunja na kuzungusha kwa namna ambayo haikuvuja hata tone. Mifuko ikaingia kwenye boksi jeupe la kubebea samaki wa barafu, na chupa za maji yaliyogandishwa zikawekwa pembeni kwa kuviringishwa na magazeti.

Uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo ulikuwa umejaa watalii wenye kofia. Kwenye kaunta ya mizigo mwanaume mmoja aliyevaa beji yenye jina Godbless aliweka mkono juu ya boksi.

"Nini hiki, mama?"

"Viumbe hai," alisema Aikande.

"Viumbe gani?"

"Wadogo. Wa majini."

"Wadudu?" Mkono wake ukatoka kwenye boksi. "Wadudu hapana. Hiyo ndege ina abiria."

Aikande alianza kueleza habari za kituo, kibali, simu ya Ludovick. Godbless alikuwa anatikisa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Violet alisogea kaunta.

"Ni chakula cha watoto," alisema.

"Watoto gani?"

"Wachanga. Hawajala tangu wazaliwe."

Godbless alimwangalia, akamwangalia Aikande. "Watoto wa nani?"

"Wa samaki," alisema Aikande.

Godbless akaanza kucheka, akamwita mwenzake wa nyuma asikie. Walifungua boksi, wakainua mfuko mmoja kwenye mwanga, hawakuona kitu ila maji yenye ukungu. "Hapa mmetuma supu," alisema mwenzake. Lakini waliandika jina la meneja, wakalifunga boksi, na nusu saa baadaye Aikande na Violet waliliona likibebwa na mtu mmoja kuelekea kwenye ndege.

Aikande alimpeleka Violet stendi kwa gari lake dogo, apande basi la Moshi. Kabla hajashuka, Violet aligusa mfuko wa fundi uliokuwa mapajani mwake.

"Nimwambieje baba yako?"

"Sijui kama nitakuja, Sista."

"Basi nitamwambia hujui."

Jioni Ludovick aliandika kwamba boksi limefika na wengi wanaogelea. Siku ya Krismasi alituma video fupi, iliyopigwa kupitia hadubini. Kifaranga cha mwatiko kilichoonekana kama uzi wa kioo wenye macho mawili meusi kilijikunja, kikajirusha mbele, na kitu kilichokuwa mbele yake hakikuwepo tena. Tumboni mwake vilionekana vivuli vitatu au vinne. Aikande aliitazama video hiyo jikoni, amesimama, wali ukiwa motoni. Aliirudia. Kisha akaizima, akatoka akagonga kwa Simaloi.

"Ulisema nikufundishe," alisema.

"Leo? Krismasi?"

"Ndoo ni moja tu. Haitakuwa kazi."

Simaloi alikuwa amevaa nguo za kanisani bado. Aliweka kanga juu yake, akaja. Alijifunza haraka, na aliandika kila kitu kwenye simu. Ijumaa, Aikande alipoangalia tone la mwisho kabla ya safari, aliona vitu viwili vikikimbia pembezoni mwa kioo, vyembamba, vyepesi. Siliata. Walikuwa wachache. Ndoo ikiwa imejaa rotifa wenye afya, wachache si kitu. Ndoo hii ilianza na rotifa wa robo tu, na walikuwa bado hawajajaa. Alijua hivyo. Aliosha kioo, akakifuta, akamwambia Simaloi kwamba kila kitu kiko sawa, na asubuhi yake akaendesha gari kwenda Machame.

Kanisa lilikuwa limejaa, kwa sababu watu wote walikuwa nyumbani kwa sikukuu na harusi ya mzee wa miaka sabini na kitu ni jambo la kuonwa. Mzee Sifaeli alivaa suti ya kijivu ambayo Aikande aliifahamu. Ilinunuliwa kwa ajili ya kipaimara cha Aikande mwenyewe. Violet alivaa gauni la rangi ya krimu, bila shela. Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Aikande alikaa benchi la pili kati ya Elieza na Anna, na alipoambiwa asimame pamoja na ndugu wa bwana harusi, alisimama.

Karamu ilifanyika nyumbani, chini ya maturubai, kati ya migomba. Kaburi la mama yake lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, nyuma ya nyumba, limezungushiwa mimea ya masale. Watu walipita karibu yake wakiwa na sahani. Aikande alikuwa amekwenda hapo kwanza, peke yake, kabla ya kumsalimia mtu.

Simu ilitetemeka akiwa anapanga foleni ya chakula. Alitoka pembeni ya maturubai.

"Dada," alisema Simaloi, na sauti ilikuwa imeshavunjika. "Hawapo vizuri. Wamelala chini. Nimekutumia picha ya hadubini."

Aikande aliifungua picha. Hakuhitaji kuikuza. Vikombe vya kioo vilikuwa vitupu, vingine vimepasuka, na kati yao wale wembamba wamejaa kila mahali.

"Nilifanya kila ulichosema," alisema Simaloi. "Nimepima chumvi. Nimepima joto. Chujio sikutumia la kwako, nilitumia..."

"Simaloi, sikiliza. Ijumaa nilikwishawaona. Wachache. Sikukuambia."

Simaloi aliacha habari za chujio.

"Kwa nini?"

"Ningekuambia, nisingekuja."

Simaloi alipumua.

"Basi nifanye nini sasa?"

"Mwaga. Halafu osha kila kitu kwa klorini, kila kitu, hata mirija. Fungua dirisha uache chumba kikauke. Halafu nenda nyumbani ukapumzike. Samahani kukutwisha hilo."

Alirudisha simu kwenye pochi. Baba yake alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ua la suti limeinama upande. Huenda alikuwa amesikia, huenda alikuwa amekuja kumwita tu.

"Kuna nini?"

"Wadudu wamekufa, baba."

"Wote?"

"Wa Arusha wote. Wa pwani wapo."

Mzee Sifaeli alifikiri kidogo. Alikuwa mkulima wa kahawa maisha yake yote, na miche ilishawahi kumfia shamba zima.

"Wale samaki wamekula?"

"Wamekula."

"Basi njoo ule na wewe. Nyama inakwisha."

Alikwenda akala. Violet alikuwa amezungukwa na wanawake wa kanisani na hakuweza kumfikia, wala Aikande hakujaribu. Usiku alilala kwenye chumba chake cha zamani na Anna, ambaye alipiga mateke usingizini kama alipokuwa mtoto. Asubuhi alikunywa chai mezani na baba yake na mke wake mpya. Waliongea habari za mvua na za mwalimu wa kwaya. Haikuwa rahisi, na kikombe cha mama yake kilikuwa bado kabatini, lakini walikunywa mpaka chai ikaisha.

Kwa wiki kadhaa chumba cha uani kilikuwa kimya. Aikande alikuwa hajui kwamba kelele ya pampu ilikuwa inafika mpaka chumbani kwake, mpaka ilipokosekana. Alilala vibaya. Alisafisha mitungi ambayo ilikuwa safi. Elieza alimuuliza kama anataka kufungua duka la rangi pale uani, akasema hapana bila kumwangalia.

Mwatiko wa pwani hawakuishi wote. Vifaranga vya samaki wa bahari haviishi vyote hata mwaka mzuri. Lakini waliobaki walifika ukubwa wa kula unga, na kituo kiliweza kujaza bwawa la majaribio. Rotifa waliotoka Elerai walizaana kwenye matanki yaliyosafishwa upya, na mwishoni mwa Januari Ludovick aliandika kwamba anao wa kutosha, mizigo inatoka siku ya pili yake.

Godbless ndiye aliyewakabidhi boksi Kisongo.

"Supu imerudi," alisema.

Simaloi alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Aikande alikuwa ameandaa ndoo mbili, moja ibaki kwake, nyingine iende jikoni kwa Simaloi, ambako kulikuwa na kona yenye soketi na dirisha. Waliacha mifuko ielee juu ya maji ili joto lilingane kabla ya kuchuja maji ya safari. Aikande alichukua tone kwenye kioo, akaangalia kwa muda mrefu, kona kwa kona, akimtafuta yeyote mwembamba. Hakumwona. Alichukua tone la pili, akaangalia tena, halafu akasogea ili Simaloi naye aangalie, akamwambia safari hii akiona chochote aseme, hata kama ni kimoja.

Ludovick alipiga simu kuuliza kama wamefika salama. Aikande alimwambia wengi wanaogelea, na wengine wameshabeba mayai. Ludovick alitaka kuendelea na habari za msimu ujao, lakini Aikande alimwomba asubiri, kwa sababu Simaloi alikuwa ameshika chujio kwa mikono miwili na mpira ulihitaji mtu.